Mashua ya Lamu ni nganya ya bahari

Wasee, mtu akitaja mbio za boti za mbao, akili inakimbia Ulaya: matajiri na boti ya babu iliyokarabatiwa kwa mamilioni. Na hapa Kenya, kule Lamu, vyombo vya mbao vinashindana hadi leo. Wengi wetu huku Kibera hatuna habari, juu shuleni story ya bahari ilianza na Vasco da Gama. Huyo jamaa alifika Malindi 1498, na ndio avuke hadi India alipewa rubani hapo hapo. Njia ilikuwa inajulikana kitambo.

Maoni yangu ni haya: chombo hakiokolewi na makumbusho. Kinaokolewa na kazi.

Cheki mtepe. Ulikuwa chombo cha Waswahili, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari, tanga ni la ukili. Ulibeba boriti za mikoko na mizigo mingine pwani hii miaka mingi sana. Kufikia katikati ya karne ya 20, umepotea. Leo unaenda makumbusho ya Lamu kuona kamfano kake kadogo. Kazi iliisha, na wenye kujua kushona wakazeeka bila wanafunzi.

Mashua je? Lamu ikiwa na Maulidi au tamasha, kuna mbio. Tanga moja kubwa la pembe tatu, mabaharia wamekalia ubao uliotokeza nje ili upepo usiwapindue. Sasa, huwezi ingia mbio na chombo kinavuja. Kinavutwa ufukweni, fundi anang'oa ubao uliooza na kuchonga mwingine. Halafu anakalafati: pamba yenye mafuta inagongwa na patasi kwenye mianya ya mbao. Chini kinapakwa shahamu, chokaa iliyochanganywa na mafuta. Manze, ni kama nganya zetu. Mbona gari inarudi gereji kupigwa rangi upya? Ni juu kuna ingine barabarani inaipita. Ushindani ndio unalipa fundi, na fundi akilipwa, kijana anakuja kujifunza.

Na huu ujuzi si wa kizamani. 2014, mafundi wa Lamu, Ali Skanda na Aly Baba, walifanyia kazi mashua mbele ya watu Washington, kwenye tamasha la Smithsonian. 2018 Skanda akaongoza kuunda Flipflopi, chombo cha plastiki iliyookotwa, na ndara kuukuu kibao. 2019 kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Mikono iliyojua mbao ndiyo iliyojua kubadilisha taka kuwa mkuku na taruma.

Mimi niliacha kampasi, so najua vile watu hukuangalia ukikosa karatasi. Fundi wa mashua anapima kwa jicho, na chombo chake kinabeba watu baharini. Hiyo ni uinjinia, hata kama hakuna cheti ukutani.

UNESCO iliorodhesha mji mkongwe wa Lamu 2001. Poa. Lakini kuta hazijui kukalafati. Serikali ikitaka kuhifadhi kitu, iongeze zawadi za mbio na ilipe vijana wanaojifunza chini ya hao wazee, wakiwa bado wako. Ama tunangoja mashua nayo iingie kwenye kabati la kioo, ndio tuanze kuiita urithi?