Safari ndefu ya gimbi na ukoo wake unaowasha

Ramadhani ikikaribia, magimbi hupanda bei Unguja na Dar es Salaam. Ni chakula cha futari: yanamenywa, yanachemshwa, kisha yanaungwa kwa tui zito la nazi mpaka yalainike. Aliyewahi kuyamenya mikono mitupu anaijua kero yake. Vidole vinawasha, na gimbi lisiloiva vizuri hukereketa koo hata baada ya chakula kuondolewa mkekani. Ndiyo maana wapishi wengine huyachemsha kwanza na maganda yake, na wengine hujipaka mafuta mikononi kabla ya kushika kisu.

Muwasho huo umeenea katika ukoo mzima. Ndani ya mimea hii mna chembe za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na ndizo zinazochoma ngozi na ulimi. Ukoo wenyewe ni mkubwa, una spishi zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za nchi za joto. Utautambua kwa ua lake: kijiti kinene kilichojaa vijiua vidogo mno, kimekingwa na jani moja pana. Yale maua meupe yanayofungwa mashada ya harusi ni ya ukoo huu, na asili yake ni kusini mwa Afrika. Hata ule mmea wa majani mazito yanayong'aa, Zamioculcas, unaopamba mapokezi ya benki na hoteli, ni wa humo humo. Unamea wenyewe katika misitu ya pwani yetu tangu Kenya hadi Afrika Kusini. Wazungu waliupa jina la kitaalamu mwaka 1829, na leo unauzwa kwenye vyungu dunia nzima.

Wataalamu waliuita ukoo huu kwa jina la arum, mmea mdogo wa Ulaya na nchi za Bahari ya Kati. Nao una kisa chake. Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, mizizi yake ilitengenezwa wanga wa kukazia kola za mabwana, na mwaka 1597 mwandishi wa mitishamba John Gerard alieleza jinsi wanga huo ulivyowababua na kuwapasua mikono wanawake waliofua nguo. Carl Linnaeus alipoiorodhesha mimea mwaka 1753, aliliweka gimbi chini ya jina hilo hilo. Mwaka 1832 Heinrich Schott wa Vienna akaliondoa na kuliita Colocasia esculenta. Jina la ukoo, hata hivyo, lilibaki la arum. Kwangu mimi, Mswahili anayesema "ukoo wa magimbi" ana haki zaidi, kwa kuwa gimbi ndilo lililolisha watu.

Na limewalisha kwa muda mrefu sana. Katika kinamasi cha Kuk, nyanda za juu za Papua Guinea Mpya, wanaakiolojia wamekuta punje za wanga wa gimbi kwenye zana za mawe za miaka kama 10,000 iliyopita. UNESCO iliingiza mashamba hayo ya kale katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kule Hawaii gimbi ni ndugu wa mtu: masimulizi yao yanasema mtoto wa kwanza alizaliwa mfu, akazikwa, likaota gimbi kaburini, na mdogo wake ndiye babu wa wanadamu.

Gimbi la shambani huchanua kwa nadra, na mbegu zake ni adimu zaidi. Linapandwa kwa machipukizi au kwa kichwa chake kilichoachiwa kipande cha vikonyo. Maana yake ni kwamba kila lilikofika ng'ambo ya bahari kuna mtu aliyelipakia chomboni likiwa bichi, akalinda lisikauke wala lisioze. Mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia, ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kimalagasi, wanatajwa sana kuwa walivusha magimbi, ndizi na viazi vikuu hadi upande wetu wa Bahari ya Hindi. Wapo wataalamu wanaoitazama pia njia ya Misri. Huko daktari Abd al-Latif wa Baghdad alilieleza katika kitabu chake mwanzoni mwa karne ya 13, na Wamisri wanalila hadi leo kwa jina la qulqas. Ubishi huu hauishi upesi, kwani gimbi huoza lote na haliachi kokwa la kuokotwa na wachimbaji.

Lilipofika bara lilipata wenyeji hodari. Wachaga walilipanda kihambani chini ya migomba, kwenye unyevu wa mifereji yao. Kenya ni nduma, ya kunywea chai asubuhi. Rwanda na Burundi ni amateke. Kisha akaja binamu kutoka Amerika, Xanthosoma, mwenye majani makubwa yenye ncha kama mkuki. Mwaka 1843 wamisionari waliotoka visiwa vya Karibi walimfikisha Ghana ya leo.

Upandaji wa machipukizi una hatari yake, maana shamba zima linaweza kuwa la mmea mmoja uliokatwakatwa. Samoa iliionja mwaka 1993. Ukungu wa majani uliingia, na magimbi waliyokuwa wakiyauza nje yakateketea karibu yote. Kati ya 2009 na 2010 ugonjwa huo ukatokea Cameroon, Nigeria na Ghana. Wasamoa walijiokoa kwa lile ua ambalo wakulima hawakuwa na haja nalo: walichukua chavua kwa mkono, wakachanganya magimbi yao na ya Asia, wakapata aina zinazostahimili. Benki ya mimea iliyoko Suva, Fiji, inatunza aina zaidi ya 1,000, na miche iliyokuzwa kwenye chupa za maabara imeshapelekwa kutoka huko hadi kwa wakulima wa Afrika Magharibi.