Pedali nyepesi, mizunguko mingi: Namna ya kunyonga baiskeli bila kuchosha miguu mapema

Katika kata ya Mkotokuyana wilayani Nachingwea, na vijiji vingi hadi Ruangwa, baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba madumu ya maji, mkaa na ufuta. Msimu wa korosho ukifika, hubeba magunia kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kwenye safari za namna hiyo, anayekanyaga kwa nguvu zaidi si lazima ndiye anayefika akiwa mzima. Kinacholeta tofauti mara nyingi ni kadensi, yaani idadi ya mara ambazo pedali inazunguka duara kamili kwa dakika moja.

Kadensi inafanya nini?

Nguvu inayosogeza baiskeli hutokana na vitu viwili: uzito wa kila mkanyago na wingi wa mizunguko. Mwendo uleule unaweza kupatikana kwa kukanyaga kwa nguvu mara chache, au kwa wepesi mara nyingi.

Njia ya kwanza huelemea mapaja na magoti. Misuli inajaa, mguu unakataa. Njia ya pili hupunguza mzigo wa kila mkanyago, ila moyo na mapafu hufanya kazi zaidi. Ndiyo maana anayezungusha haraka kupita kiasi huanza kuhema wakati miguu bado ina nguvu.

Waendeshaji wa mashindano wengi hunyonga mizunguko 80 hadi 100 kwa dakika. Kwa safari ya kawaida, 60 hadi 70 inatosha. Hakuna namba moja ya watu wote.

Mfano unaojulikana ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa baiskeli na Mkenya David Kinjah kabla ya kuhamia Ulaya. Julai 2013, kwenye mlima Ventoux nchini Ufaransa, aliwaacha wenzake akiwa ameketi kwenye siti, akizungusha pedali kwa kasi kubwa. Mwaka huo alishinda Tour de France, akairudia 2015, 2016 na 2017.

Lakini Froome alikuwa na gia nyingi za kuchagua. Mkulima mwenye baiskeli ya gia moja afanyeje?

Hesabu ya meno

Chukua baiskeli ya gurudumu la inchi 28, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza karibu mita 5.4. Kwenye tambarare, mizunguko 60 kwa dakika inatoa mwendo wa kilomita 19 hivi kwa saa. Hapo hakuna shida.

Shida inakuja kwenye kilima. Mwendo ukishuka hadi kilomita 10 kwa saa, pedali inazunguka mara 31 tu kwa dakika. Ukifika kilomita 6, ni chini ya mara 20, na kila mkanyago unabeba karibu uzito wote wa mwili. Hapo ndipo magoti yanapoumia.

Dawa ipo kwa fundi baiskeli: kubadili meno ya nyuma kutoka 18 hadi 22. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mizunguko inapanda hadi 38, na nguvu ya kila mkanyago inapungua kwa karibu asilimia 18. Cheni huenda ikahitaji kuongezwa pingili. Gharama yake ni kwamba kwenye tambarare mwendeshaji atazungusha zaidi ili kupata mwendo uleule. Kwa anayebeba mzigo kila siku, hiyo ni biashara nzuri.

Mwenye baiskeli ya gia abadilishe kwenda nyepesi kabla kilima hakijaanza. Akisubiri mpaka pedali ziwe nzito, cheni itabadilika kwa shida na inaweza kuchomoka.

Namna ya kujizoeza

1. Kupima. Mwendeshaji ahesabu mara ambazo goti la kulia linapanda ndani ya sekunde 15, kisha azidishe kwa 4.

2. Kurekebisha siti. Akiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Wakati wa kunyonga, akanyage kwa sehemu pana ya mbele ya mguu, ili goti libaki limekunjwa kidogo. Siti ya chini sana huzuia mzunguko wa haraka na kukandamiza goti.

3. Kuongeza taratibu. Bila mzigo, kwenye tambarare, anyonge haraka kwa dakika 1, kisha apumzike kwa mwendo mwepesi dakika 2. Arudie mara 5, siku mbili au tatu kwa wiki. Akianza kurukaruka kwenye siti, amezidisha. Apunguze kidogo, na wiki inayofuata aongeze mizunguko 5.

4. Kuingia kilimani na kasi. Aanze kuongeza mizunguko kabla ya mpando, si katikati yake.

5. Kutunza chombo. Cheni kavu yenye vumbi na tairi lisilo na upepo wa kutosha hula nguvu ambayo hakuna mazoezi yatakayoirudisha.

Wakati wa kushuka

Mtu mzima hutembea karibu kilomita 5 kwa saa. Baiskeli yenye gunia inapopanda kwa kilomita 6, faida ya kubaki juu ni ndogo mno, na goti ndilo linalolipa. Pedali zikishuka chini ya mizunguko 30, kushuka na kusukuma si aibu. Maumivu ya goti yakiendelea hata baada ya kurekebisha siti na kupunguza mzigo, mwendeshaji aende zahanati mapema, kabla msimu haujamkuta hawezi kupanda baiskeli.