Mafundi wa Springfield na Darubini ya Uani

Nimekereza vyuma tangu ujana, na mtu wa kerezo akisoma historia huangalia kwanza mikono ya watu ilikuwa imeshika nini. Ndiyo maana historia ya darubini, kama inavyosimuliwa shuleni, huniacha na njaa. Hutajwa Galileo mwaka 1609, hutajwa Newton na darubini yake ya kioo ya mwaka 1668, kisha tunarukia vyombo vikubwa vya mataifa tajiri vilivyojengwa vileleni mwa milima. Waliorukwa katikati ni watu wa karakana. Bila wao mimi hapa Singida nisingekuwa na bomba la mbao uani, wala wajukuu wa majirani wasingekuwa wananiuliza kila jioni ya kiangazi, "Babu, leo unafungua?"

Darubini ya aina yangu kazi yake yote imo katika kioo kimoja. Ni kioo mbonyeo, kimechimbika katikati kidogo mno, kiasi kwamba ukikilaza mezani utadhani ni bapa. Kinakusanya mwanga na kuuelekeza mahali pamoja. Changu kina upana wa inchi 6, na hukusanya mwanga zaidi ya mara 400 ya ule unaoingia katika mboni ya jicho lililozoea giza. Bomba, kasha na miguu ni useremala wa kawaida. Kwa hiyo anayetaka kujua chombo hiki kilitokaje mikononi mwa matajiri hadi uani kwa mkerezaji mstaafu, afuate kioo.

Aanzie Bath, Uingereza, katika miaka ya 1770. Pale aliishi mpiga kinanda wa kanisa, William Herschel, aliyetaka darubini kubwa kuliko uwezo wa mfuko wake, akaamua kujitengenezea. Vioo vya siku hizo vilikuwa madini matupu, shaba nyekundu na bati vikiyeyushwa pamoja. Dada yake, Caroline, alitwanga na kuchekecha samadi ya farasi ili kupata udongo wa kalibu. Mwaka 1781, wakisubu kioo kikubwa ndani ya nyumba yao, madini ya moto yalivuja na kutiririka sakafuni. Mawe ya sakafu yakapasuka na kurukaruka hadi darini, na kila mtu akatafuta mlango. Aliyewahi kusimama mbele ya tanuri anajua mbio hizo. Caroline aliandika pia kwamba kuna siku kaka yake alikaa saa 16 bila kuinua mikono kwenye kioo, ikabidi amlishe matonge mdomoni.

Machi ya mwaka huohuo, Herschel akiwa katika bustani ya nyuma ya nyumba, kwa kioo cha inchi 6 na ushei, aliiona Uranus. Ilikuwa sayari ya kwanza kugunduliwa kwa darubini, na aliyeigundua wakati huo alikuwa bado anakula kwa muziki. Vioo vyake vilikuwa na kasoro moja kubwa: madini yale hufubaa kwa unyevu, na kuyang'arisha upya ni kuharibu umbo na kuanza kazi tena. Hilo lilifanya darubini kuwa mke wa pili mwenye gharama.

Ukombozi ulikuja katika miaka ya 1850. Carl August von Steinheil huko Ujerumani na Léon Foucault huko Ufaransa walipata njia ya kupaka utando mwembamba wa fedha juu ya kioo cha kawaida. Fedha ikifubaa, unaiosha na kupaka nyingine, na umbo linabaki salama. Foucault akaongeza zawadi iliyo bora zaidi kwa fundi, nayo ni kipimo. Unawasha taa nyuma ya tundu dogo, mwanga unapiga kioo na kurudi, nawe unaukata kwa makali ya wembe huku jicho likiwa nyuma yake. Kila kilima na kila bonde juu ya kioo hujitokeza kama kivuli. Taa na wembe vikaonyesha makosa ambayo hakuna rula wala kalipa ingeyafikia.

Hata hivyo ujuzi huo ulibaki kwa wachache kwa zaidi ya nusu karne. Waliouweka mikononi mwa watu wa kawaida, na kwa hilo ninawaheshimu kama walimu wangu, walikuwa wakerezaji wa Springfield, mji mdogo wa jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani.

Springfield ilikula na kulala kwa kutengeneza mashine za karakana. Kampuni yake ya Jones & Lamson ilisifika kwa kerezo zenye kichwa kinachozunguka, kinachobeba zana kadhaa ili fundi asipoteze muda kubadilisha moja baada ya nyingine. Mkuu wake, James Hartness, alikuwa mvumbuzi, na baadaye, kati ya 1921 na 1923, alikuwa gavana wa jimbo. Alikuwa mgonjwa wa nyota pia. Baridi ya Vermont ikiwa ni ya kugandisha damu, alijenga darubini mbele ya nyumba yake ndani ya kuba linalozunguka, na njia ya chini kwa chini kutoka nyumbani, ili mtazamaji aketi kwenye joto.

Mwaka 1919 Hartness alimwajiri Russell W. Porter. Huyu alizaliwa mjini hapohapo mwaka 1871, akasomea usanifu majengo, kisha akatumia miaka mingi katika misafara ya Aktiki akichora na kupima ardhi. Wawili hao walitengeneza mashine inayomulika nati na bolti na kutupa kivuli cha hesi kwenye kiwambo, kimekuzwa mara nyingi, ili kosa lionekane kwa macho. Nilipokuwa mwanagenzi nilionyeshwa mashine ya ukoo huo. Nilijua inapima hesi; sikuambiwa kwamba waliobuni babu yake walikuwa wakiangalia nyota usiku.

Mwaka 1920 Porter alifungua darasa la kutengeneza darubini. Walikuja wanaume 15 na mwanamke 1, wengi wao wafanyakazi wa kiwandani. Njia aliyowafundisha ndiyo ninayoifuata mimi. Unaweka sahani moja ya kioo kinene juu ya pipa, unatia maji na unga wa kaborandamu, unalaza sahani ya pili juu yake, kisha unaisukuma mbele na nyuma huku ukilizunguka pipa polepole. Ya juu hubonyea, ya chini hubinuka. Umbo hujichonga lenyewe, kwa sababu nyuso mbili zinazosuguana kila upande haziwezi kushikana sawasawa isipokuwa zote zimekuwa sehemu ya tufe. Unga wa chembe kubwa unafuatiwa na ulio laini, na ulio laini zaidi, mwisho unang'arisha juu ya lami kwa unga mwekundu wa oksaidi ya chuma.

Kisha ndipo kazi ngumu inapoanza, ya kuligeuza tufe kuwa parabola. Kioo kizuri hakitakiwi kukosea zaidi ya robo ya wimbi la mwanga, ambayo ni takriban sehemu moja ya 7,000 ya milimita. Kerezo nzuri, mikononi mwa fundi mzuri, hutoa sehemu moja ya mia. Mtu anayezunguka pipa akiwa na wembe na taa anaipita mashine ya kiwandani kwa mara 70. Mkerezaji akishaelewa hesabu hiyo, hawezi tena kukidharau kiganja chake.

Wanafunzi wale hawakutawanyika. Desemba 1923 waliunda chama cha watengeneza darubini, na mwaka uliofuata wakajenga kibanda kwenye kilima kilichokuwa mali ya Porter nje ya mji. Wakakiita Stellafane, wakakipaka rangi ya waridi. Mwaka 1925 alifika pale Albert Ingalls, mhariri wa jarida la Scientific American, akakuta vibarua wa kiwandani wanajadili parabola. Novemba jarida lilichapisha makala ya kuwaeleza, na barua za watu waliotaka kujifunza zikamiminika. Mwaka 1926 kikatoka kitabu, na mwaka huo ukafanyika mkutano wa kwanza kilimani. Nakala ya fotokopi ya kitabu kile, imechakaa na ina madoa ya lami, iko karakanani kwangu hadi leo.

Wasomi nao walikiri. Mwaka 1928 Porter aliitwa California kusaidia kusanifu darubini ya Palomar, yenye kioo cha inchi 200, na michoro yake ya chombo kile kikiwa kimekatwa kuonyesha viungo vya ndani bado inashangaza wahandisi. Palomar ilizinduliwa 1948, naye akafariki mwaka uliofuata. Katika vita vya pili vya dunia, wasagaji vioo wa nyumbani walitengenezea jeshi la Marekani prizma za vyombo vya shabaha, kwa kuwa mikono yenye ujuzi huo ilikuwa haba.

Hatua ya mwisho aliipiga mtawa. John Dobson, aliyezaliwa Beijing mwaka 1915, aliishi katika nyumba ya watawa wa Vedanta huko California. Mwaka 1956 alisaga kioo kutoka dirisha la duara la meli. Alipouona mwezi kwa kioo kile, aliamua kwamba kila mtu lazima auone, akawa anatoka na darubini mitaani usiku. Mwaka 1967 alifukuzwa utawani kwa sababu ya mambo hayo. Yeye aliacha vyuma kabisa. Alitumia mabomba ya karatasi ngumu ya kumiminia nguzo za zege, na kasha la mbao linaloteleza juu ya vipande vya Teflon. Unaisukuma kwa mkono, inasimama ulipoiacha. Hakudai hataza. Alifariki 2014 akiwa na miaka 98, na darubini nyingi za uani duniani, pamoja na yangu, zimekaa katika kasha lake.

Sasa vioo vimeshuka bei, kilichopanda ni giza. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulianza kuweka sheria za taa tangu 1958. Ramani ya dunia iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya binadamu hawaioni tena Njia Nyeupe kutoka wanapoishi. Mafundi wa Vermont walikuwa na ujuzi ila hawakuwahi kuona kwao Msalaba wa Kusini wala Mawingu ya Magellan. Sisi wa Singida, tukiwa digrii 5 tu kusini mwa ikweta, jioni ya mwezi Mei tunamwona Dubu Mkubwa kaskazini na Msalaba kusini kwa wakati mmoja. Huo ni utajiri wa pande mbili, na taa za barabarani zinazomulika juu zimeshaanza kuula.

Nina maombi mawili. Halmashauri zinazofunga taa mpya zichague zenye kofia, zinazomulika chini. Barabara itaangazwa vilevile na umeme utapungua. Na vyuo vyetu vya ufundi viweke pipa moja na sahani mbili za kioo pembeni ya kerezo. Mwanafunzi akimaliza kioo chake atakuwa amefikia usahihi ambao mashine zote za karakana ile haziwezi, kisha usiku atazionyesha pete za Zohali kwa mama yake.