Uso wa mtoto kwenye sarafu ya shaba (Sehemu ya 3)

Haya mama zangu, watoto wameshalala? Tuendelee na visa vyetu vya watoto wa zamani. Leo twende Roma, mwaka 217.

Mtawala Caracalla aliuawa akiwa safarini, na mkuu wa walinzi wake, Macrinus, akashika madaraka. Huyu Macrinus alikuwa mzaliwa wa Afrika, mji wa Caesarea, leo Cherchell kule Algeria. Hakuwa hata mjumbe wa Seneti, na kabla yake hakuna mtu wa namna hiyo aliyewahi kuitawala Roma. Kiti kilikuwa cha moto. Alitaka watu waamini kwamba ukoo wake utadumu.

Akafanyaje? Akamtanguliza mwanawe, Diadumenianus, mtoto wa miaka kama 9. Akampa cheo cha Kaisari, yaani mrithi, akamwongezea jina la Antoninus kwa kuwa askari walilipenda. Kisha uso wake ukagongwa kwenye sarafu.

Za dhahabu zilikuwa za wakubwa. Za shaba ndizo za sokoni, za mkate na mboga. Gazeti hakuna, redio hakuna. Mama wa kawaida alimjua mtawala kwa sarafu iliyo mkononi mwake. Upande mmoja kichwa cha mtoto, mashavu laini, hana ndevu. Upande wa pili amesimama ameshika bendera ya jeshi, na maneno yanamwita kiongozi wa vijana. Mtoto wa umri huo, sisi wodini dawa yake bado tunaipiga hesabu kwa kilo zake!

Juni 218 mambo yakaharibika. Askari walishamgeukia kijana mwingine, Elagabalus, wa miaka kama 14. Macrinus akashindwa vitani karibu na Antiokia. Akamtuma mwanawe akakimbilie kwa Waparthi, lakini mtoto akakamatwa Zeugma, kwenye mto Frati, akauawa. Baba naye hakupona. Utawala wote, miezi 14 tu.

Majina yao yakafutwa kwenye mawe. Ila shaba ilishaingia mifukoni mwa watu, na mpaka leo zinafukuliwa zikiwa na uso ule ule.

Mtoto hakuomba cheo. Mkubwa alikuwa na shida yake, akaifunika kwa uso wa mwanawe. Nasi tukigombana majumbani, au tukitafuta huruma mitandaoni, tujiulize: huyu mtoto tumemtanguliza kwa faida ya nani?

Niambieni kwenye maoni. Sehemu ya 4 inakuja, usiku mwema.