Miale ya Jua Isiyoonekana

Mtoto akikuuliza, "Mbona jua huunguza ngozi hata siku ya mawingu?" utamjibu nini? Msimulie kisa hiki.

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aligundua kwamba kando ya rangi nyekundu ya mwanga wa jua kuna joto lisiloonekana. Mwaka 1801, Johann Ritter wa Jena, Ujerumani, akachunguza upande wa pili, kando ya urujuani. Aliweka hapo chumvi ya fedha, ambayo hugeuka nyeusi ikipigwa na mwanga. Mahali ambapo jicho halikuona kitu, ndipo ilipogeuka upesi zaidi. Miale hiyo ndiyo tunayoiita urujuanimno. Nayo hupenya mawingu.

Ina faida. Mwaka 1919, daktari Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya miale hiyo, kwani huusaidia mwili kutengeneza vitamini D. Lakini ikizidi huunguza ngozi, hudhuru macho na huweza kuleta saratani, hasa kwa mtoto mwenye ualbino.

Mwonyeshe mtoto: weka ufunguo juu ya karatasi ya rangi, uiache juani siku kadhaa. Karatasi itapauka, alama ya ufunguo ibaki.

Basi mama, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, acheze kivulini. Mwenye ualbino asitoke bila kofia pana na nguo ya mikono mirefu, hata mawingu yakitanda.