Mashine ya mazoezi kutoka ng'ambo: nauli uliyolipa inaishia wapi?

Mashine ya kukimbilia ikiwa ndani ya sanduku lake huweza kupita kilo 100, ndiyo maana wengi huiagiza China au Dubai kwa meli, si kwa ndege. Mzigo huo haujazi kontena. Wakala huuchanganya na wa wengine, kisha hutoza kwa mita za ujazo au kwa tani, kutegemea ipi imezidi. Sanduku la mita 1.8 kwa 0.9 kwa 0.4 ni kama mita 0.65 za ujazo, lakini mara nyingi utalipia mita nzima.

Bei nyingi zinazotajwa huishia Bandari ya Mombasa. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa, bima na nauli kwa pamoja, halafu VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe. Siku za bure ghalani zikiisha, kila siku ina malipo yake, na hapa ndipo wengi huumia.

Hata "hadi nyumbani" huwa ni hadi langoni tu. Dereva hapandi ngazi, wala lori haliingii vichochoro vya Mji wa Kale. Patana na mwenye mkokoteni mapema.

Usitie sahihi mbio mbio. Sanduku likiwa limebonyea, lipige picha na uandike kasoro kwenye hati ya kupokelea, dereva akiwapo. Ukishaandika umepokea salama, kudai fidia ni kazi ngumu.