Kizuka, Mtalaka na Meli Isiyofika Colombo

Msamiati wetu wa ujane ni mpana. Mwanamke aliyefiwa na mumewe ni mjane. Mwanamume aliyefiwa na mkewe ni mgane, neno ambalo wanafunzi wangu wengi walilidhani kosa la uchapaji. Mjane aliyemo edani, miezi 4 na siku 10, huitwa kizuka, na neno hilohilo ni jina la pepo atokeaye ghafla mbele ya watu. Lakini mke wa askari aliyekwenda vitani asirudi, wala maiti yake isionekane, tumempa jina gani? Si mke mwenye mume, wala si kizuka. Sijapata neno lake katika kamusi yoyote niliyofundishia.

Mwaka 1944 wanawake wa namna hiyo waliongezeka kwa dakika chache. Mapema mwezi wa Februari meli Khedive Ismail iling'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, imebeba watu zaidi ya 1,500. Walikuwamo wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa Rejimenti ya 301, mabaharia, na wauguzi wanawake. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido. Ilizama kabla dakika 3 hazijatimia. Wakafa watu 1,297. Wengine walikuwa wangali wanaogelea pale manowari za Kiingereza zilipotupa mabomu ya kina kuisaka nyambizi iliyojificha chini yao. Habari za meli kuzama zilifichwa wakati wa vita, ili adui asijue alichofanikiwa kukifanya. Siri ya serikali ikawa siri ya nyumba.

Mimi niliingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Nilikuwa mgane wa miaka sita pale mwalimu mwenzangu mstaafu, mjane, aliponiletea barua kuukuu iliyoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Aliitoa katika kasha la marehemu bibi yake. Kwao hakuna aliyeweza kuisoma. Nami hati hizo nilizijua tangu chuoni kwa maalim wangu, ingawa mwandiko wa askari aliyeandikia gotini si mwandiko wa msahafu. Tulikutana kila Alhamisi baada ya alasiri. Siku nyingine tulipata mstari mmoja tu, tukanywa kahawa mpaka magharibi. Sikuwa na haraka ya kuumaliza ukurasa, na nilianza kuona kwamba naye hana.

Ukoo wao ulijua jambo moja na kulinong'ona: Bibi aliolewa tena mwaka 1946, na mtoto aliyemzaa 1944 akapewa jina la baba wa kambo. Wako wanazuoni waliosema mke wa aliyepotea angoje miaka 4 kisha akae eda. Wako waliosema angoje mpaka yakini ipatikane. Bibi hakungoja hata miaka 4. Basi je, ndoa yake ya pili ilikuwa ndoa? Swali hilo halikuulizwa kwa sauti, lakini lilikula naye sahani moja maisha yake yote.

Barua ilikuwa na jibu. Mumewe, mpiga mizinga, alimwandikia akiwa karibu kupanda meli. Alimwomba buriani, kwa maana ya asili ya neno hilo: kuagana na kuombana radhi pamoja. Kisha akaandika kwamba ukipita mwaka mmoja bila habari yake, basi yu huru, ameachika, aolewe na amtakaye. Katika fikihi ya Kishafii talaka iliyofungwa kwa sharti huthibiti sharti likitimia. Bibi hakuwa mjane aliyekosa subira. Alikuwa mtalaka, tena wa talaka ambayo mimi sijui kuiita kwa jina jingine ila mahaba.

Kwa nini hakuitoa barua imteteee? Mjukuu wake aliniambia bila kusita: Bibi aliona afadhali kusengenywa kuliko kusema kwamba aliachwa. Nadhani ni kweli. Neno "talaka" lina uzito ambao nia njema haiupunguzi, na washairi wetu hawajalipa hata ubeti mmoja wa upole. Shaaban Robert, aliyemlilia mkewe Amina kwa shairi kisha akaoa tena, na aliyeitungia vita hiyohiyo utenzi mrefu, angeweza labda.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata. Tulikwenda Nairobi, katika makaburi ya vita, ambako ukumbusho wa Afrika Mashariki umechorwa majina ya waliozama na Khedive Ismail. Jina lake limo, limekosewa herufi moja.

Mkwe wangu, yule mtoto wa 1944, aliniomba nimsomee barua ya babaye. Niliisoma mara mbili, naye akisikiliza ameinamisha kichwa. Asubuhi yake alikuja na daftari jipya na penseli, akasema nimwanzie alifu.